Mgeuzeni Aitazame Bahari

Kaskazi inapoanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, fukwe za pwani yetu hujaa watu waliovaa kwa ajili ya kamera: maharusi, wahitimu wa vyuo, wajawazito, familia zilizokuja likizo kutoka Nairobi, Arusha au Toronto. Karibu wote wamepewa maelekezo yaleyale na wapigapicha wao. Njooni saa kumi na moja jioni, simameni mkiwa mmeipa bahari mgongo, tusubiri jua lishuke. Kanuni hiyo inafundishwa kwenye kozi fupi, inarudiwa kwenye video za mafunzo, na wateja wameshaikariri kiasi kwamba wanaidai kabla hawajaulizwa wanataka nini. Saa ya dhahabu, wanasema, na bahari nyuma. Naipinga kanuni hiyo. Nina sababu za jua, za ngozi, za upepo na za desturi, lakini zote zinachipuka kwenye shina moja: anga iliyo wazi juu ya bahari ndiyo mwanga bora kuliko wote alionao mpigapicha wa pwani, nasi tumejizoesha kuuweka nyuma ya mtu, mahali ambapo hauwezi kuufikia uso wake.

Tuanze na mwanga wenyewe. Kinachoufanya uwe mkali au mpole usoni ni ukubwa wa chanzo chake, kama anavyokiona yule anayepigwa picha. Jua, pamoja na ukubwa wake wote, likitazamwa kutoka duniani hufunikwa na ncha ya kidole kimoja. Ndiyo maana likimpiga mtu moja kwa moja huacha vivuli vyenye ukingo mkali chini ya nyusi, puani na kidevuni. Anga ni kinyume chake. Anayesimama katikati ya mji huiona ikiwa imekatwakatwa na maghorofa, nyaya na miti. Anayesimama ufukweni akaitazama bahari hana kitu mbele yake kinachoikata, kuanzia upeo wa macho hadi utosini. Hiyo ni nusu ya mbingu inayoumulika uso wake kutoka kila upande kwa wakati mmoja, na mwanga wa namna hiyo hulainisha makunyanzi, huingia ndani ya macho na kuyapa uhai. Kinachobaki ni kulizuia jua lenyewe lisimguse. Mweke chini ya upenu wa banda la makuti, hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukielekea majini, na picha inapigika saa tano asubuhi sawasawa na saa tisa alasiri. Wanaodhani kivulini ni giza wanadanganywa na macho, yaliyozoea mng'ao wa nje. Jua la mchana hutoa takriban laksi 100,000. Kivuli kilicho wazi kwa anga hubaki na 10,000 hadi 20,000, zinazotosha kupiga kwa ISO 100, lenzi ikiwa f/2.8 na shata sekunde 1/500. Na ule mchanga mweupe unaowaka jua mbele ya banda hurudisha mwanga kutoka chini, ukajaza mashimo ya macho bila mtu yeyote kushika rifleta.

Kwa nini basi tunausubiri usiku? Kwa sababu kanuni tuliyoipokea ilitungwa na watu wa latitudo nyingine, na kwao ina maana. Mwezi Juni jijini London jua huteremka kimshazari. Kutoka nyuzi 10 juu ya upeo wa macho hadi kuzama hutumia zaidi ya saa moja na robo, na Stockholm karibu saa mbili. Huko mpigapicha ana nafasi ya kujaribu, kukosea, kubadilisha nguo za mteja na kujaribu tena, wakati mwanga umelala upande mmoja na hauna haraka. Dar es Salaam mwezi Desemba jua linashuka karibu wima. Nyuzi hizohizo 10 huisha katika muda wa dakika 45 hivi, na baada ya hapo mwanga wa utusitusi unaofaa kwa kazi haufiki nusu saa, ilhali London wa Juni hukaribia dakika 50. Tumeichukua ratiba ya watu wenye jioni ndefu tukaipachika kwenye jioni fupi, kisha tunashangaa kwa nini familia ya watu kumi na wawili inapigwa mbiombio, watoto wakilia, na nusu ya picha zina macho yaliyofumba.

Wenye kuitetea saa ya dhahabu hupenda kuitaja filamu ya Days of Heaven ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Terrence Malick na kupigwa huko Alberta, Kanada, ambayo ilimpatia Néstor Almendros tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Ni ushahidi mzuri, ila haushuhudii wanachotaka. Sehemu mashuhuri za filamu ile zilipigwa jua likiwa limeshazama, kwa mwanga wa anga peke yake. Almendros mwenyewe alieleza kwamba muda huo, ambao watu huuita saa, haufiki hata nusu yake, na kikosi kizima kilikuwa kikijiandaa mchana kutwa kwa ajili ya dakika hizo chache. Alichokitafuta kule ni chanzo kipana kisicho na jua ndani yake. Mpigapicha wa Nyali au Jambiani anacho chanzo hicho tangu saa nne asubuhi, ilimradi ajue pa kumsimamisha mtu.

Kisha kuna jambo la dira, ambalo nashangaa jinsi linavyotajwa kwa nadra. Pwani yetu inatazama mashariki. Coco Beach, Bagamoyo, Diani, Bamburi, Paje: kote huko jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, mahoteli na nyumba za watu. Aliyeambiwa aje saa kumi na moja apate machweo juu ya maji anafika kwenye ufuko ambao tayari uko kivulini, jua limejificha nyuma ya majengo, na nyuma yake kuna anga ya mashariki inayong'aa kwa upole. Anamulikwa na nini? Na kipande chembamba cha anga kilichobaki juu ya mapaa, upande wa bara, upande ulio dhaifu kuliko yote. Kamera inaona anga angavu nyuma na uso mweusi mbele. Baadaye, ofisini, rangi ya chungwa inamwagwa kwa programu ili kuigiza machweo ambayo hayakuwapo. Mtu huyohuyo, mahali hapohapo, dakika hiyohiyo, angegeuzwa tu, akaipa bara mgongo, angepata mwanga ambao studio hutumia fedha nyingi kuutengeneza. Ndiyo, ziko fukwe zinazotazama magharibi. Kendwa na Nungwi hushuhudia jua likiingia majini, Forodhani pia, na kwenye maziwa watu wa Kigoma na Bujumbura huliona likishuka nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Tanganyika. Huko machweo yapo kweli. Lakini hata huko hoja haibadiliki: uso wa aliyeyapa machweo mgongo haumulikwi nayo, na anayeyatazama ndiye anayepakwa ile dhahabu.

Katika ngozi, kanuni hii inatudhuru zaidi kuliko inavyowadhuru walioitunga. Mita ya kamera hukadiria kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vitatoa kijivu cha wastani. Ikikutana na anga na bahari vinavyong'aa, hupunguza mwanga wa picha nzima. Uso mweupe ukipunguzwa hivyo hubaki na chembe za maelezo. Uso mweusi huzama. Mashavu hupotea, mstari wa taya hupotea, na kilichobaki ni meno na weupe wa macho. Mpigapicha akijaribu kuuinua uso huo kwenye kompyuta, anainua na chengachenga za kelele, na ngozi iliyokuwa na wekundu, uzambarau na dhahabu ndani yake inatoka ikiwa kijivu kama jivu. Simu za kisasa hujitahidi kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti, lakini matokeo yake mara nyingi ni uso bapa uliobandikwa mbele ya anga.

Hili lina historia yake, na historia hiyo inatosha kumfanya mpigapicha yeyote wa Kiafrika awe mwangalifu na kanuni za kuazima. Kwa miongo mingi maabara za Kodak zilisawazisha rangi za filamu kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha usahihi. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameonyesha kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha namna filamu inavyopokea rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Nyuso za watu weusi zilikuwa zikipotea muda wote huo. Leo vifaa vimeboreka sana. Tabia ya kumweka mtu mweusi mbele ya taa kali na kutarajia aonekane, hiyo bado tunayo, na safari hii hakuna kampuni ya kuilaumu.

Ngozi nyeusi hupendeza ikipewa chanzo kikubwa cha kujitazama. Kwa kuwa inarudisha mwanga kwa mng'ao wa juu ya ngozi zaidi kuliko kwa weupe wake, umbo la paji la uso, pua na midomo huchorwa na kile kinachoakisiwa pale. Ikiakisi kitone cha jua, hutoka doa la mafuta. Ikiakisi anga pana, hutoka mteremko wa polepole kutoka kwenye ung'avu hadi kwenye kivuli, na hapo ndipo uso huonekana umechongwa.

Wapo waliolijua hili zamani bila mafunzo ya mtandaoni. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefanya kazi katika studio yake kati ya 1948 na 1962, aliwapiga wengi wa wateja wake uani, kwa mwanga wa mchana, mbele ya vitambaa vya maua, na nyuso zile leo zinatundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Richard Avedon, aliposafiri magharibi mwa Marekani kuanzia 1979 hadi 1984 kuwapiga wachimba madini na wachunga ng'ombe, alikuwa na jangwa zima la kuweka nyuma yao, na hakulitaka: alitundika karatasi nyeupe upande wa kivuli na kuwamulika kwa anga. Na hapa kwetu, kwenye kivuko cha Likoni mjini Mombasa, wapigapicha ambao kazi yao ilichunguzwa na Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, walisimamisha vibanda vyao vya mapazia yaliyochorwa, mita chache kutoka kwenye maji halisi, na watu walipanga kupigwa mbele ya meli na ndege za rangi. Wasomi wameyatafsiri mapazia yale kama ndoto za safari, nami sina ugomvi nao. Naongeza tu kwamba mteja aliyesimama mbele ya pazia lile alijua kilichomleta pale, nacho ni kuonekana yeye, na nguo yake, na uso wake. Maji halisi yaliyokuwa jirani hayakumshawishi yeyote aubadilishe mpango huo.

Mpinzani makini atanikumbusha Rineke Dijkstra. Huyu ni Mholanzi ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwapiga vijana waliovaa nguo za kuogelea kwenye fukwe za Poland, Marekani, Ubelgiji na kwingineko, na hizo ndizo picha za watu ufukweni zinazoheshimiwa kuliko zote katika sanaa ya zama zetu. Bahari iko nyuma yao, kweli. Lakini tazama alivyofanya. Kamera yake ni ile kubwa ya filamu za inchi 4 kwa 5, ameiweka chini, na pembeni yake kuna flashi inayoumulika uso mchana kweupe. Hakuna machweo, na mara nyingi hata jua halionekani. Bahari ni mstari wa kijivu usiodai chochote. Aliiruhusu bahari ikae nyuma baada ya kuulipia uso mwanga wake kwa njia nyingine. Anayetaka kumfuata na amfuate, aje na flashi yenye nguvu ya kushindana na anga. Wengi wanaowaambia wateja waipe bahari mgongo hawana flashi hiyo, na hawaamini kwamba wanaihitaji.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la mchana: jua la utosini, joto, jasho, macho yanayofinywa. Yote ni kweli kwa aliyesimama juani, nami simwambii mtu asimame juani. Sema kivuli nacho kina elimu yake, na vivuli havilingani. Kivuli cha mnazi ni kibaya. Hupitisha michirizi inayompaka mtu mistari kama pundamilia. Mvinje hutawanya vitone. Mkungu hufunika vizuri ila majani yake mapana humpaka mtu ukijani, kwa hiyo asogezwe ukingoni. Upenu wa makuti, ukuta mrefu wa matumbawe, ubavu wa jahazi lililopandishwa pwani, hivyo ndivyo vya kutafutwa. Ikiwa mchanga unawaka mno na kuumulika uso kutoka chini kama wa mtu aliyeinamia moto, tandaza mkeka au khanga nyeusi miguuni pake, shida inaisha. Mwanga wa anga huelekea ubluu, basi kamera iambiwe iko kivulini na ngozi itarudi kwenye joto lake. Na asubuhi mapema, jua likiwa bado chini juu ya maji, linaingia mpaka ndani ya upenu na kumchoma mtu machoni. Wakati huo asipigwe kuelekea mashariki, asubiriwe mpaka jua lipande, au kazi ianze kabla halijachomoza, katika zile dakika ishirini na ushei ambazo anga ya mashariki inawaka na kitu chenyewe hakijatokea.

Upepo nao unashuhudia upande wangu. Kaskazi hutoka baharini katika fukwe hizi, na alasiri huongeza nguvu. Anayeipa bahari mgongo hupulizwa kutoka nyuma: nywele zinafunika uso, shela la bibi harusi linamzunguka shingoni, ushungi unamrukia mdomoni, na msaidizi anakimbia huku na huko kushika pindo. Akigeuka, upepo uleule unavivuta vitu vyote hivyo nyuma na kuuacha uso wazi. Hata maji hayana tena la kusema. Kupwa na kujaa husogea takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo hakuna ratiba ya machweo inayoweza kuaminiana nayo. Mwenye kuitaka bahari kama mandhari lazima alikague jedwali la maji, hasa mashariki mwa Unguja ambako siku za bamvua bahari hurudi hadi kwenye mwamba na kuacha tambarare tupu. Kwa anayeitazama, tambarare ile yenye maji ya kifundo cha mguu ni kioo kinachomrudishia anga.

Nisiliache la magharibi, maana ni zito kuliko linavyochukuliwa. Wateja wengi wa pwani ni Waislamu. Katika kaskazi, jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo hivi, na muda wa sala ya magharibi ni mfupi kuliko nyingine. Kumpangia mtu kazi katika dakika zilezile ni kumtaka achague kati ya sala na kumbukumbu ya harusi yake, na mwaka ambao Ramadhani imeangukia kaskazi, kama 2025 na 2026, ni kumweka bibi aliyefunga ufukweni wakati nyumbani wanafuturu. Tumeifanya hiyo saa takatifu ya kibiashara bila kuuliza. Wazee na watoto wachanga nao hawapendi giza la ufukweni. Kazi iliyofanywa alasiri, nyuso zikielekea majini, inamalizika kabla adhana haijasikika.

Lakini bahari itaonekana wapi, nitaulizwa, kama mtu anaitazama? Itaonekana machoni mwake, kwa sababu upeo mzima wa maji huakisiwa kwenye mboni, na anayezitazama picha nzuri za uso anajua jinsi kiakisi hicho kinavyomwondoa mtu kwenye ubapa wa karatasi. Itaonekana kwenye kamba za ngalawa, kwenye ukuta wa matumbawe uliochakazwa na chumvi, kwenye mchanga uliong'ang'ania pindo la gauni. Akitakiwa kuonekana pamoja na mawimbi, asimame ubavu, bahari ikiwa kuliani au kushotoni kwake, nusu ya uso ikipokea anga; mpigapicha asogee pembeni mpaka mstari wa maji uingie kwenye fremu. Kuna namna kumi za kuonyesha mahali bila kumtoa kafara mwenye picha.

Inabaki hoja ya soko: wateja wenyewe wanataka machweo, na anayelipa ndiye anayechagua. Wanayataka kwa sababu ndiyo pekee waliyoonyeshwa. Fundi wa nguo hamshonei mtu suti ya sufu nzito kwa ajili ya harusi ya Tanga mwezi Januari eti kwa kuwa ameiona kwenye picha. Humweleza, humpa kitambaa akishike, kisha humwachia uamuzi. Mpigapicha ana wajibu huohuo. Amwonyeshe mteja nyuso mbili za mtu mmoja, moja ikiwa mbele ya jua na nyingine ikiwa mbele ya bahari, kwenye skrini ya simu, kabla siku haijapangwa. Atakayeendelea kuyataka machweo apewe, dakika kumi za mwisho, baada ya nyuso zote kuwa zimepatikana, na flashi iwepo. Asiye na flashi amwambie mteja waziwazi, kabla hajapokea malipo ya awali, kwamba atakachompa ni umbo jeusi mbele ya anga nyekundu.